Lakini Si Anaruka?

Nilikuwa jikoni, mikono imejaa unga wa maandazi, ndo binti wa kaka yangu akaja kusimama mlangoni. Hakuingia. Alisimama tu pale ameshika fremu, mguu mmoja juu ya mwenzake, vile watoto wanavyosimama wakiwa na jambo.

"Shangazi."

"Eeh, sema mama."

"Kwani mimi na mdogo wangu ni watoto wabaya?"

Nikajua tayari, wanangu wamemfanyia kitu. Nikapaza sauti kwenda sebuleni kuuliza nani kamwambia mwenzake maneno hayo, kimya, TV tu inaongea. Nikamgeukia nikamwambia hapana mama, nyie ni watoto wazuri sana, nani kakwambia? Akasema hamna aliyemwambia, ameona kwenye katuni. Kuna mzee anapeleka zawadi usiku, watoto wabaya wameandikwa kwenye orodha na hao hawapelekei.

"Na kwetu hajawahi kuja. Hata mara moja."

Sasa mimi mtu mzima wa miaka 38, mama wa watoto wawili, ambaye humu ndani mnanisoma najifanya najua malezi, nilimjibu nini? Nilimjibu kwamba kwenu mbali mama, Makete ni mbali mno, barabara yenyewe milima na kona tupu, hawezi kufika.

Akaniangalia.

"Lakini si anaruka?"

Maandazi yakaungua.

## Wanaongea tu

Nirudi nyuma kidogo. Binti ana miaka 8, alikuja likizo ya Desemba, mara yake ya kwanza Dar. Kaka alimpandisha basi na mama mmoja wa kanisani kwao anayekuja kufuata mzigo Kariakoo (sisi Wakinga tunajulikana, hakuna safari isiyo na mzigo), nikampokea Mbezi Luis usiku, kavaa sweta. Joto la Desemba la Dar mnalijua. Sweta lile halikuvuliwa mpaka tumefika nyumbani, alikuwa anaona aibu.

Wiki ya kwanza nilihangaika na kitu kimoja tu: watoto watatu ndani ya nyumba, shule zimefungwa, mimi nina kazi za kumaliza. Kwa hiyo katuni. Na kwa kuwa ni Desemba, katuni za Krismasi. Nikazichagua mwenyewe na nilijisifu kabisa kwa nilivyochagua, maana nina vigezo vyangu: isiwe na mizimu, isiwe na mabusu, isizidi masaa mawili, iwe na picha nzuri. Nikaweka Klaus, ile ya mwaka 2019, kwenye akaunti ya Netflix ya shemeji ambayo ukoo mzima tunajifanya ni yetu. Picha zake zimechorwa kwa mtindo wa zamani, kila fremu inaonekana kama kitabu. Nilikuwa nimesoma kwamba ilishinda tuzo ya BAFTA ya katuni bora. Nikasema hii ndo yenyewe.

Nikabonyeza, nikaenda jikoni.

Hapo kwenye "nikaenda jikoni" ndo nimeishi wiki zote hizi.

Maana kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba katuni ile ilikuwa ya Kiingereza. Wanangu wanasoma inglishi midiamu, wanaelewa. Binti wa kaka anasoma shule ya kijijini, yuko darasa la pili, Kiingereza chake ni gudi moningi ticha. Kwa hiyo alikuwa anaitazama katuni kupitia mdomo wa mwanangu mkubwa, miaka 10, ambaye alikuwa anamtafsiria. Na mwanangu anatafsiri kama wale ma-DJ wa kibanda umiza wa enzi zetu, anachokipenda anakikuza, kisichomfurahisha anakiruka. Wakifukuzana anaeleza neno kwa neno. Orodha ya watoto wabaya aliieleza kwa raha zote, tena na kidole juu. Zikija sehemu za watu wamekaa wanazungumza, binti anauliza "wanasema nini?", yeye anajibu:

"Wanaongea tu."

Hilo nililijua baadaye. Siku ile nilijua tu kwamba maandazi yameungua na kuna mtoto mlangoni kanishinda hoja.

## Nikaharibu zaidi

Mwanangu mkubwa alikuwa amenifuata jikoni akasikia. Akaona mama kakwama, akaamua kuokoa jahazi. "We naye, Fadha Krismasi hayupo, hata hapa haji, ni mama ndo ananunua."

Nyuma yake alikuwepo mdogo wake. Miaka 6. Ambaye mwezi huohuo alipiga picha shuleni na Fadha Krismasi mwenye ndevu za pamba na kandambili.

Kilio cha mdogo sitakieleza. Ila angalieni binti alichofanya. Hakulia, hakucheka, alikaa anafikiria, halafu akasema taratibu, "Kwa hiyo ni mama." Mimi nikaona afadhali, basi limeisha, ukweli umejulikana. Usiku nimelala ndo likaniingia. Kama zawadi anazileta mzee wa kuruka, basi yeye amekosewa na mzee asiyemjua. Kama anazileta mama, basi swali limehamia kwa mama yake. Kwa wifi yangu, anayelima viazi pale mlimani na kuvibeba mgongoni. Nilikuwa nimeutoa mzigo kwa mtu wa kwenye TV nikaupakia kwa mama yake mzazi.

Na tena, Krismasi ya kwao haina uhusiano wowote na mambo ya kuamka asubuhi ukakuta boksi chini ya mti. Hata mimi nilikulia hukohuko. Krismasi ni nguo ya sikukuu, kama mwaka umekuwa mzuri. Ni kanisani asubuhi, kwaya imeshonewa sare, mchana wali na nyama, soda moja mnagawana wawili. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza kama mimi ni mtoto mbaya kwa kukosa mdoli, maana hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mdoli ni matokeo ya mtihani. Sasa mimi ndo nimemletea binti mtihani huo, kwa rimoti yangu mwenyewe, halafu nikamwambia amefeli kwa sababu ya barabara.

Nilimwambia baba watoto. Akasema mwambie ni katuni tu. Nikamwambia sawa, na ukimwambia mtoto wa miaka 8 kuwa ni katuni tu, anaacha kuiwaza? Akasema basi zima TV. Wanaume wa nyumba hii wana majibu mafupi.

Kuzima nilifikiria kweli. Siku mbili TV ilikuwa imezimwa, nikasingizia umeme. Lakini kuzima kungemwambia nini? Kwamba ameuliza kitu kibaya.

## Ile isiyo na maneno

Rafiki yangu mmoja aliyewahi kusoma Uingereza ndo alinipa wazo, bila yeye kujua. Nilikuwa namlalamikia Wasap kuhusu tafsiri za mwanangu, akasema si uwawekee ile ambayo hawaongei. Akanitumia The Snowman. Dakika 26. Ni ya zamani, mwaka 1982, ilionyeshwa kwenye Channel 4 ya kwao, imetoka kwenye kitabu cha Raymond Briggs cha mwaka 1978, imechorwa kama kwa kalamu za rangi za watoto. Ukiacha maneno machache ya mwanzoni na wimbo mmoja katikati, hakuna anayesema chochote. Kijana anaunda mtu wa theluji, usiku yule mtu anakuwa hai, wanaruka pamoja angani mpaka kaskazini, wanarudi.

Safari hii nilikaa. Chini, kwenye mkeka, simu nimeiacha chumbani.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni mwanangu mkubwa hana kazi. Amezoea kuwa mkalimani, anakaa mbele, anapozi anaeleza. Hapa hakuna cha kueleza, kila mtu anaona anachoona, dakika tano tu watatu wote wanaongea kwa wakati mmoja. Sijawahi kusikia watoto wangu wakiongea hivyo mbele ya TV. Kumbe ukimya wa kwenye skrini ndo uliwafungua.

Kitu cha pili kilinishangaza zaidi. Theluji ilipoanza kuanguka mdogo akauliza hivi ikikugusa inauma? Mkubwa akaanza kuleta ya darasani, kuganda kwa maji, nyuzi sifuri. Binti akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya:

"Haiumi. Inachoma kidogo halafu vidole vinakufa ganzi."

Wakamgeukia.

Makete, kwa asiyejua, mwezi wa sita na wa saba kuna asubuhi unatoka nje unakuta majani yote meupe, yameganda. Siyo theluji hii ya kuanguka, ni ile barafu nyembamba ya kulala juu ya nyasi. Binti anaikanyaga akienda shule, tena wengine huikanyaga na kandambili. Kwa hiyo katika chumba kile cha Tabata, wakiwemo watoto wawili wa inglishi midiamu na mama yao mwenye vigezo, mtu pekee aliyekuwa na uzoefu wa karibuni na baridi ya kwenye katuni ni yule aliyekuja na sweta. Wakamuuliza maswali nusu saa. Unaweza kuila? Ukiitia sukari? Inalia ukiikanyaga? Akajibu yote, na pale alipokuwa hajui alitunga, nilimuona. (Wakati wa Krismasi yenyewe, kwao hakuna weupe wowote, mvua zinanyesha na Kitulo ndo inaanza kuchanua, ile hifadhi wanayoiita Bustani ya Mungu. Hilo nalo aliwaambia, hawakulijali, walitaka barafu.)

Halafu ikafika mwisho. Wanaoijua wanajua. Asubuhi kijana anaamka, anakimbia nje, jua limetoka, amebaki kofia na rundo dogo la theluji. Anaingiza mkono mfukoni anakuta skafu aliyopewa usiku ule na Fadha Krismasi huko kaskazini. Anapiga magoti. Basi, imeisha.

Mdogo akaanza kulia. Mimi mdomo ukawa tayari una jibu. Nilishalipanga kabisa, eti amerudi kwao kaskazini. Nikakumbuka jibu langu la barabara. Nikafunga mdomo.

Ilikuwa ngumu, jamani. Sekunde ishirini hivi za mtoto kulia na mama amekaa tu kama mgeni.

Mdogo akanyakua rimoti. Akarudisha nyuma. Yule mtu wa theluji akajikusanya, akasimama mzima. Akaachia, ikacheza, akayeyuka tena. Akarudisha. Mara tatu. Mkubwa akasema, acha ujinga, ilikuwa ndoto. Binti akamkatalia palepale, "Siyo ndoto, skafu anayo." Wakabishana. Mkubwa anasema alilala akaota, binti anasema ukiota huamki na kitu mkononi. Hoja nzito hiyo, mimi mwenyewe sikuwa nimeifikiria.

Mdogo akauliza, kwa sauti ya kilio, "Sasa alifanya kosa gani?"

Binti akasema, "Nani? Jua likitoka inayeyuka. Hata ya kwetu. Hajafanya kosa."

Akaomba maji ya kunywa.

Sijui kama yeye aliunganisha. Watu wakisikia stori hii wanataka niwaambie kwamba mtoto alijijibu mwenyewe swali lake la jikoni, na mimi siwezi kusema hivyo, alikuwa na kiu. Mimi ndo niliunganisha. Mtu anaweza kukosa kitu asubuhi na hakuna daftari lolote alilokosea. Yule Briggs inasemekana hakuwa mtu wa kulazimisha miisho ya furaha, aliona vitu huyeyuka na watu hufa na ndo maisha. Kinachonichekesha ni kwamba kwenye kitabu chake hakuna Krismasi wala Fadha Krismasi kabisa, waliviongeza wenye katuni. Mzee wa ndevu kapenyezwa hata pale ambapo hakualikwa.

## Hedifoni

Usiku wa tarehe 26, watoto wamelala na pilau tumboni, nikavaa hedifoni nikaiangalia Klaus peke yangu. Mwanzo mpaka mwisho. Nilitaka kujua hasa niliwaonyesha nini.

Jamani.

Katuni ile siyo ya Fadha Krismasi mwenye orodha. Inamhusu tarishi. Kijana mvivu, mtoto wa mkubwa wa posta, amezoea kulala kwenye mashuka ya hariri, baba yake kachoka naye akamtupa kwenye kisiwa cha mbali huko kaskazini kwenye mji unaoitwa Smeerensburg, ambako koo mbili zinapigana tangu mababu, na akamwambia usirudi mpaka upitishe barua 6,000 ndani ya mwaka mmoja. Mji ule hakuna anayemwandikia mtu barua. Sasa afanyeje? Anagundua msituni kuna mzee seremala, Klaus, ana midoli imejaa bandani. Tarishi anaanza kuwaambia watoto, ukiandika barua unapata mdoli. Anataka barua zake tu. Watoto hana habari nao.

Na orodha? Kuna kijana mkorofi anamsumbua tarishi. Tarishi kakasirika, anamtungia palepale kwamba Klaus anaona kila kitu na jina lako limeshaandikwa kwa wakorofi. Uongo. Kautunga mtu mwenye hasira, na mwenye shida ya barua.

Na kuruka? Hata kuruka! Wanafukuzwa usiku kwenye mteremko, chombo chao kinachomoka hewani, mtoto mmoja dirishani anakiona, kesho mji mzima una habari kwamba mzee anaruka.

Nikavua hedifoni nikakaa gizani. Maswali yote mawili ya binti, orodha na kuruka, yamejibiwa ndani ya katuni yenyewe, tena ndo kiini cha stori, namna uongo wa mtu mmoja ulivyogeuka desturi. Majibu yalikuwa sebuleni kwangu, mita nne kutoka kwenye karai la mafuta. Yako kwenye zile sehemu ambazo mwanangu alisema wanaongea tu.

Nilimlaumu mwanangu kwa dakika moja hivi. Halafu nikajiuliza mimi je, ni mara ngapi nimemwambia "wakubwa wanaongea tu"?

## Mara ya pili

Tukairudia siku mbili kabla ya mwaka mpya. Binti hakutaka. Aligoma kwa adabu ya kwao, yaani hakusema hapana, alisema ana usingizi, saa nne asubuhi. Nikamwambia safari hii natafsiri mimi na ukitaka tuzime tunazima. Akakaa pembeni, karibu na mlango.

Natamani niseme ilikwenda vizuri. Nusu saa ya kwanza nilikuwa naboa, napozi kila dakika, mwalimu kabisa, mpaka mkubwa akasema mama acha tuangalie. Nikapunguza. Nikabaki natafsiri yale maongezi tu, kwa kunong'ona.

Kilichomtoa binti pale mlangoni siyo tafsiri yangu. Ni msichana mdogo anaitwa Margu. Ni Msami, wale watu wa asili wa kaskazini kabisa mwa Norwei, Uswidi na Ufini, wanaojulikana kwa kufuga renidia, wale kulungu wa nchi za theluji. Anakuja kwa tarishi anaongea Kisami chake, harakaharaka, na tarishi haelewi hata neno. Na waliotengeneza katuni hawakuweka maandishi ya chini. Yaani na wewe mtazamaji huelewi, makusudi. Sauti yenyewe ni ya mtoto Msami kweli.

Binti akamuuliza mkubwa, kwa mazoea, "Anasema nini?"

Mkubwa: "Sijui. Siyo Kiingereza."

Akanigeukia mimi. Nikasema hata mimi sijui.

Akatabasamu polepole, yaani niliona linavyokuja. "Kumbe na nyie hamjui."

Akahama mlangoni akaja kukaa katikati. Kila Margu akitokea anacheka kabla hajaongea. Jioni ile alianza kuwasemesha wenzake Kikinga, sentensi ndefu, na uso mkavu, wao wanabaki wametoa macho, anawaacha hapohapo bila tafsiri anaondoka. Mimi nilikuwa naelewa. Alikuwa anawaambia wakachote maji.

Katikati ya katuni, pale tarishi anapotunga orodha, nilipozi. Nikauliza, "Orodha anaandika nani?" Mdogo akasema Fadha Krismasi. Mkubwa akasema hamna aliyeandika, jamaa kadanganya. Nikauliza kwa nini kadanganya? Wakakaa kimya. Binti akasema, "Anataka barua." Nikabonyeza ikaendelea, sikuongeza neno, na huo ndo uamuzi mmoja wa mwezi mzima ambao siujutii.

Baada ya hapo nikataka kumalizia na ya kweli. Nikawasimulia Mtakatifu Nikolasi, ambaye stori ya Fadha Krismasi imetokana naye, askofu wa Mira huko ambako leo ni Uturuki, karne ya 4, inavyosimuliwa kwamba kulikuwa na baba masikini ana mabinti watatu hana cha kuwaozesha, na askofu akapita usiku akatupia dhahabu ndani bila kuonekana. Nikaona hapa nimepatia, mzee wa kwanza kabisa alikwenda kwa masikini. Mdogo akauliza kwa nini hakugonga mlango. Mkubwa akauliza dhahabu kiasi gani. Binti alikuwa ameshasinzia. Basi.

The Grinch nayo tuliiangalia, ile ya mwaka 2018, na hapo ndo mnajua mtoto wa mkulima ni nani. Jamaa anaiba Krismasi ya kijiji kizima, mapambo, zawadi, vyote, halafu asubuhi watu wanashikana mikono wanaimba. Wanangu wakaona inapendeza sana. Binti akauliza, "Watakula nini?" Na kuna kitoto humo, Cindy Lou, ambacho kinamtafuta Fadha Krismasi siyo kwa zawadi yake, kinataka mama yake anayefanya kazi usiku na mchana apate nafuu. Hapo mkubwa aliniangalia kwa jicho la pembeni. Nikaendelea kukunja nguo.

## Simu ya kaka

Aliondoka Januari na basi la alfajiri, na mfuko wa nguo, madaftari, na skafu. Skafu aliichagua mwenyewe Kariakoo, kwenye joto lile, muuzaji akatuuliza tunasafiri Ulaya.

Njia nzima ya kurudi kutoka stendi nilikuwa nalo rohoni. Sikumuuliza tena lile swali. Niliogopa nikilifufua nitakuwa nalipanda upya, na nikiacha nitakuwa nimelikwepa, wiki zikapita niko hapohapo, nimeandika makala hii mara tatu nikaifuta. Baba watoto akasema mpigie simu umuulize. Majibu mafupi.

Juzi kaka akapiga mwenyewe, mambo ya mbolea. Kumalizia akacheka, akasema dada, hivi mlimfundisha nini huyu mtoto? Nikauliza kwa nini. Akasema kuna stori ya tarishi muongo anawasimulia watoto wa hapa wote, kila siku inaongezeka, sasa hivi tarishi ameshachapwa na bibi. Sawa, nikacheka na mimi. Akasema halafu kuna orodha.

Moyo ukanishuka. "Orodha gani?"

"Eti ya watoto wabaya. Anamwambia mdogo wake asipochota maji jina linaingia. Na yule mjinga anachota! Siku hizi binti hagusi ndoo."

Nikamwambia nipe niongee naye. Nikasikia anaitwa, anakuja anakimbia, kandambili zinapiga. Shikamoo shangazi. Marahaba mama, hujambo, shule vipi, baridi vipi. Nikamwambia nimesikia una orodha.

Kimya.

"Hiyo orodha anaandika nani?"

Nikasikia anasogea pembeni na simu, mlango unafungwa. Akanong'ona.

"Mimi."